Dola 1,150 kwa ukungu ambao haukuwepo! Hawa wasafisha dakti wanatupiga mchana kweupe (Columbus, Ohio)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Leo sijaja kuomba ushauri. Nina hasira, nimekaa nayo siku 11, na nimeona niiandike hapa kabla dada mwingine hajapigwa kama nilivyopigwa mimi.

Naishi Columbus na mume wangu na watoto wawili. Kwa mlioko nyumbani ambao hamjaziona nyumba za huku: joto la majira ya baridi na ubaridi wa kiangazi vinatoka kwenye mashine moja iliyoko chumba cha chini ya ardhi, na hewa inapelekwa vyumbani kwa mabomba ya bati yaliyofichwa ndani ya kuta na sakafu. Hayo ndiyo dakti. Kila chumba kina tundu lenye wavu, hewa inatokea hapo, halafu kuna matundu makubwa zaidi ya kuirudisha hewa kwenye mashine. Ndani ya mabomba mwenye nyumba haoni kitu, na kwa sababu haoni, anaweza kuambiwa chochote.

Oktoba tulipowasha joto mara ya kwanza, nyumba ikanuka vumbi linaloungua. Kila mwaka hunuka hivyo siku moja au mbili, ni vumbi lililotua kwenye mashine kiangazi kizima. Ila safari hii mwanangu mkubwa, ambaye ana pumu, alikuwa anakohoa, na moyo wangu ukakosa utulivu. Nikaona tangazo kwenye kundi la mtandaoni: kusafisha dakti nyumba nzima dola 99. Nikapiga simu.

Jumatano saa 4 asubuhi wakaja vijana wawili. Mimi nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, sijalala. Mume wangu yuko barabarani na lori, Pennsylvania. Mmoja akashuka chini, hazikupita dakika tano akapanda na simu mkononi. Picha. Ukungu mweusi umejaa ndani ya bomba, unatisha kuutazama. Akauliza nani anakohoa humu ndani. Mtoto yuko pale pale kwenye kochi, siku hiyo hakwenda shule. Yule kijana akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema: mama, mwanao anapumua hii kitu kila usiku.

Jamani. Mzazi gani angebaki na akili yake hapo?

Ile dola 99 ikageuka kuwa ya matundu ya kutolea hewa peke yake. Bomba kuu lina bei yake. Njia ya kurudisha hewa ina bei yake. Dawa ya kuua ukungu ina bei yake. Jumla dola 1,480. Nikasema sina. Akajifanya anampigia bosi wake, akarudi na 1,150, lakini iwe sasa hivi, maana wakitoka mlangoni bei inarudi palepale. Dola 400 nitume kwa Zelle (kutuma hela kwa simu toka benki hadi benki), 750 nikate kwenye kadi ya mkopo. Nikalipa. Zile 400 nilikuwa nimeziweka pembeni nimtumie mama yangu Tanga, anasubiri kutolewa mtoto wa jicho.

Kamera ya mlangoni inaonyesha waliingia na kutoka ndani ya dakika 50. Mashine waliyobeba ni ya kuvuta vumbi kama hii ya kusafishia zulia. Wakachomeka mpira kila tundu, wakazungusha brashi mara mbili tatu, basi. Mashine ya joto hawakuifungua. Feni yake hawakuigusa. Kisha wakapuliza dawa kama moshi kwenye matundu, na mtoto yumo ndani! Usiku ule mwanangu alikohoa kuliko siku zote, nikakaa naye na inhela mpaka alfajiri, na asubuhi nilipopangusa kabati kitambaa kilitoka cheusi. Vumbi lililokuwa limelala kwenye mabomba wamelikoroga na kulimwaga vitandani kwetu.

Alhamisi nikamwita mzee mmoja Mkongomani wa mtaani kwetu, fundi wa hizi mashine za joto na baridi. Akaja na tochi na kioo kidogo, akafungua matundu manne. Kwenye wavu kulikuwa na weusi kweli. Akapitisha kidole, akanusa. "Mama, munachomaka nini humu?" Nikamwambia udi, kila Alhamisi na Ijumaa, na mishumaa pia. Akasema, "Basi hii haiko ukungu. Iko moshi, inashikana na vumbi." Akashuka akachomoa filta ya mashine: imejaa mpaka imepinda. Nilikuwa sijaibadilisha tangu Juni. Filta ya dola 15, wakuu. Akatia mpya, akaniambia isizidi miezi mitatu, na kwa nyumba inayofukizwa udi iwe mapema zaidi.

Halafu akaomba aione ile picha, maana walinitumia kwa ujumbe pamoja na risiti. Akaitazama kwa muda. "Mama, hii bomba ndani iko na pamba ya njano. Yako iko bati tupu."

Yaani ile pamba ya nyuzi za kioo ya kuhifadhi joto, bomba langu halina. Picha si ya nyumba yangu. Nilikaa kwenye ngazi. Miguu ilikataa.

Tangu siku hiyo silali bila kusoma habari hizi, na hasira inaongezeka kwa sababu kila kitu kimeandikwa wazi. EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, wanasema haijawahi kuthibitishwa kwamba kusafisha dakti kunazuia maradhi. Hawashauri mtu asafishe kila mwaka kama anavyobadilisha mafuta ya gari. Vumbi jingi ndani ya bomba hukaa pale limeshika bati, si lazima liingie chumbani. Mlioko Canada, shirika lenu la nyumba, CMHC, nalo lilichunguza likasema kwa kawaida kusafisha dakti hakubadilishi hewa unayopumua wala hakupunguzi bili ya joto.

Sasa lini usafishe? EPA wanataja hali tatu tu. Ukungu mwingi unaoonekana kwa macho, ndani ya bomba au kwenye sehemu nyingine za mashine. Panya au wadudu waliofanya makazi humo. Na mabomba yaliyojaa takataka kiasi kwamba vumbi linatoka kwenye matundu unaliona, kama nyumba iliyotoka kukarabatiwa, jipsamu imekatwa humo ndani bila matundu kuzibwa. Mimi sikuwa na hata moja.

Kwenye ukungu nakaa kidogo, maana ndipo wanapotukamatia. Mtu akikwambia ana picha, mwambie akupeleke mpaka penyewe, uone kwa macho yako, kwenye bomba lako, kabla hajagusa kitu. Ukiona weusi usiamini bado. Bandika kipande cha utepe angavu wa gundi, kibandue, peleka maabara. Kuna maabara zinazopima kwa karibu dola 50. Mimi nimepeleka, majibu yamerudi: masizi na vumbi. Dola 50 zingeniokolea 1,150. Na hata ukungu ukiwepo kweli, kuna maji yanayouleta: bomba linavuja, au sinia la kukingia maji ya mashine limeziba. Usipoziba hapo, ukungu utarudi hata ukisafisha mara kumi. Bomba lenye ile pamba ndani likilowa na kuota ukungu halisafishiki, linatolewa linawekwa jingine. Kwa hiyo hata kama ile picha ingekuwa ya kwangu, walichoniuzia kilikuwa bure! EPA hawajasajili dawa yoyote ya kuua vijidudu kwa mabomba yenye pamba ndani. Na gari lao lilikuwa limeandikwa ubavuni kwamba wameidhinishwa na EPA. EPA haimwidhinishi msafisha dakti yeyote. Haipo hiyo kitu.

Kazi ya kweli ina bei yake, na lazima niseme hivyo kwa haki ya mafundi waaminifu. EPA wanataja dola 450 mpaka 1,000 kwa mfumo mmoja. Fundi wa kweli anafunga mashine kubwa inayovuta hewa yote kutoka kwenye mabomba ili vumbi lisirudi chumbani, anafunika mazulia, anafungua feni, koili, sinia la maji, anasafisha mfumo mzima, kisha anaziba vizuri kila tundu alilotoboa. Ni kazi ya saa kadhaa. Hata chama chao wenyewe, NADCA, kilichopo tangu 1989, kinaonya watu juu ya hizi ofa za dola 99. Na ukiwa na nyumba ya zamani sana, uliza kwanza kuhusu asbestosi (madini ya nyuzi yanayoleta saratani) kwenye utepe na vifuniko vya mabomba, usiruhusu mtu akwangue.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba wamekuja nyumbani mwangu wakamtumia mwanangu. Pumu ya mtoto wameifanya bidhaa. Wanajua wengi wetu ni wageni wa hizi nyumba, tumezoea madirisha wazi na upepo wa bahari, hatujui ndani ya ukuta mna nini. Wanajua tunafanya zamu mbili. Na wanajua mama haulizi maswali mengi mtoto akikohoa.

Hatua nilizochukua. FTC, tume ya biashara ya serikali kuu, ina kanuni ya siku 3 za kazi za kufuta mauzo yaliyofanyikia nyumbani kwako, kuanzia dola 25. Jumamosi inahesabika, Jumapili hapana. Muuzaji anapaswa akupe fomu mbili za kufutia, mimi sikupewa hata moja. Ukimwita fundi mwenyewe kwa matengenezo, yale uliyomwitia hayamo, lakini alichokuuzia juu yake akiwa ndani ya nyumba yako kimo. Nilisoma hayo Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nikapeleka posta barua ya kufuta yale ya ziada, kwa njia ambayo mpokeaji anasaini. Benki ya kadi nimewaandikia kupinga zile 750. Sheria inakupa siku 60 tangu bili ilipotumwa, msilaze damu. Zile 400 za Zelle wamenijibu nilituma mwenyewe kwa hiari. Msilipe fundi msiyemjua kwa Zelle. Msilipe!

NYONGEZA 1: Kuna mkuu kauliza kama basi asisafishe chochote. Hapana, sijasema hivyo. Mashine yako ya joto kama inatumia gesi, ikaguliwe kila mwaka kabla ya baridi, maana ikiharibika inaweza kutoa monoksidi ya kaboni, na hiyo inaua watu usingizini. Na bomba la mashine ya kukaushia nguo, lile linalotoa hewa moto nje, hilo ndilo msilisahau. Zimamoto ya serikali kuu ilikadiria moto 2,900 kwa mwaka kati ya 2008 na 2010 kutokana na hizi mashine, watu 5 wakifa kila mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafishwa. Mimi nilitoa 1,150 kwa dakti, na bomba la kukaushia nguo lilikuwa limejaa nyuzi mpaka nusu. Hao vijana walipita mbele yake mara nne.

NYONGEZA 2: Mnaosema nitaje jina la kampuni, nimeambiwa nisubiri malalamiko yangu kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio yapokelewe kwanza. Nitasubiri.

NYONGEZA 3, saa 5 usiku: Dada mmoja wa Reynoldsburg kanitumia picha "ya bomba lake" aliyotumiwa na mafundi waliomtoza dola 900 mwezi uliopita. Ni ile ile. Pamba ya njano, ukungu mweusi, na kwenye kona ya kushoto bisibisi yenye mpini mwekundu. Kwenye yangu bisibisi ipo pale pale, imelala vile vile. Yeyote mwenye hiyo picha anitumie kwa ujumbe wa faragha pamoja na tarehe yake kabla ya Ijumaa, nazikusanya zote niziambatanishe.