Uvamizi wa Afghanistan na gharama ya Pakistan: je, jirani alikuwa na hiari?

Mwalimu wa Korogwe

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha historia kidato cha sita, na kila mwaka ninapofika kwenye uvamizi wa Umoja wa Kisovieti nchini Afghanistan, Desemba 1979, najikuta nasimulia habari za Moscow, Washington na Kabul, kisha naruka hadi kuanguka kwa Ukuta wa Berlin, kana kwamba ng'ambo ya mpaka, kule Pakistan, hapakuwa na watu. Mwaka huu nilijaribu kuliziba pengo hilo. Niliwaeleza wanafunzi kwamba Waafghani zaidi ya milioni tatu walivuka na kuingia Pakistan, kwamba nchi hiyo ilikuwa uchochoro wa silaha kwa miaka kumi, na kwamba Marekani ilipoivamia Afghanistan mwaka 2001, jirani huyohuyo aliingizwa vitani mara ya pili. Nikamalizia, kwa mazoea tu, na methali yetu ya fahali wawili na nyasi. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, lakini nyasi hazilipwi."

Sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo. Nimesoma tangu siku ile na bado nimegawanyika. Ninyi mnaoifahamu sehemu hiyo ya dunia mnasemaje: Pakistan ilitumbukizwa au ilijitumbukiza? Na kama malipo yalikuwapo, nani aliyapokea na nani aliyabeba madeni yake?

Mzee wa Kilosa

Mwalimu, mpe huyo binti pongezi zangu, kwa maana ameona jambo ambalo watu wazima wengi hulipita. Nami naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu habari hii haianzi 1979. Mwaka 1893 ofisa wa Kiingereza, Mortimer Durand, aliafikiana na Amiri Abdur Rahman Khan kuhusu mstari wa mpaka wenye urefu wa takriban kilomita 2,600, uliokata ardhi ya Wapashtuni vipande viwili. Uingereza ilitaka kinga kati ya himaya yake ya India na himaya ya Urusi, na watu wa milima ile ndio waliogeuzwa kinga hiyo. Pakistan ilipozaliwa 1947 ikaurithi mstari huo, Afghanistan ikaukataa, na hata pale Pakistan ilipoomba uanachama wa Umoja wa Mataifa, kura pekee ya kupinga ilitoka Kabul. Tangu hapo watawala wa Pakistan wameishi na hofu ya kubanwa katikati, India ikiwa mashariki na serikali rafiki wa India ikiwa magharibi.

Ndiyo maana Daoud Khan alipotwaa madaraka Kabul mwaka 1973 na kufufua madai ya ardhi ya Wapashtuni, serikali ya Zulfikar Ali Bhutto iliwapokea wapinzani wake, akina Hekmatyar, Rabbani na Massoud, ikawapa hifadhi na mafunzo. Wakati huo hakukuwa na kifaru hata kimoja cha Kisovieti kilichovuka mto Amu Darya, mpaka wa kaskazini wa Afghanistan. Mlango ulikwisha kufunguliwa kutoka ndani.

Sasa tazama mwaka wa 1979 wenyewe. Mwezi Aprili Jenerali Zia ul-Haq, mtawala wa kijeshi wa Pakistan, alimnyonga Bhutto, na mwezi huohuo Marekani ikakata misaada kwa sababu ya mpango wa nyuklia wa Pakistan, hivyo kabla ya uvamizi jenerali huyo alikuwa amesusiwa kila upande. Baada ya uvamizi, Rais Carter akampa ahadi ya dola milioni 400. Zia akazikataa hadharani akisema ni karanga tu, akijua fika kwamba Carter alikuwa mkulima wa karanga. Akasubiri. Mwaka 1981 serikali ya Reagan ikaja na dola bilioni 3.2 kwa miaka sita, pamoja na ruhusa ya kununua ndege za kivita za F-16. Mtu asiye na hiari habishani bei, na huyu alibishana.

Tena aliweka sharti kwamba silaha na fedha, ziwe za Marekani au za Saudi Arabia iliyokuwa ikichangia dola kwa dola, zipitie mikononi mwa idara yake ya ujasusi wa kijeshi, ISI. Idara hiyo ikawa ndiyo inayoamua ni chama kipi cha wapiganaji wa Kiafghani, kati ya vile saba vilivyokuwa Peshawar, mji wa Pakistan karibu na mpaka, kishibe na kipi kife njaa. Hekmatyar alishiba kuliko wote. Mpango wa nyuklia nao ukafumbiwa macho hadi majeshi ya Kisovieti yalipokwisha kuondoka, tarehe 15 Februari 1989. Oktoba 1990 misaada ikakatwa tena, na ndege 28 za F-16 zikabaki Marekani ilhali fedha nyingi zilikwisha kulipwa. Jibu langu kwa swali lako, Mwalimu, ni kwamba jenerali alikuwa na hiari, ila mkulima wa mpakani hakuulizwa.

Msafiri wa Ujiji

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali tarehe zako zote lakini sikubali uzito unaouweka. Unazungumza kana kwamba Zia angeweza kukunja mikono, na jeshi la Kisovieti, ambalo baadaye lilizidi askari 100,000, limefika kwenye Njia ya Khyber, mpakani kabisa. Hata mtawala mwadilifu kuliko yeye asingelala usingizi. Kufunga mlango nako kusingeizuia vita, kwa sababu idara ya ujasusi ya serikali ya Kabul ilikuwa ikilaumiwa kwa mabomu yaliyoripuka katika masoko ya Pakistan mwaka baada ya mwaka; Julai 1987 mabomu ya Karachi yaliua watu zaidi ya 70, waliotoka majumbani kwenda kununua nguo na mboga.

Jambo la pili ni la wakimbizi, na hili naliandika kwa moyo kwa sababu sisi wa Kigoma tumeishi na wageni wa Burundi na Kongo maisha yetu yote. Pakistan haikuwahi kutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Hakuna sheria ya kimataifa iliyoibana, na bado watu wa Peshawar na Quetta walipokea mamilioni. Kambini mahema yaliachwa na nyumba za udongo zikajengwa, masoko yakaota, watoto wakazaliwa na kuoana humo. Anayeijua kazi ya kugawana kisima, kuni na malisho na watu waliokimbia asiihesabu Pakistan kwa dola za majenerali wake peke yake. Wako waliopokea na wako waliogawa walichokuwa nacho, na mara nyingi hawakuwa watu haohao.

Kwa mwaka 2001 ndipo naona kabisa kwamba hiari ilikuwa finyu. Musharraf, mtawala wa Pakistan wakati huo, aliambiwa na Marekani achague upande ndani ya siku chache, na bandari ya Karachi pamoja na vivuko vya mpakani vya Torkham na Chaman vikawa koo la jeshi zima la kigeni.

Aliyesoma Islamabad

Wakubwa zangu, nimewasoma kwa makini. Mimi nilisoma Islamabad kuanzia 2008 hadi 2012, na nataka kueleza jinsi jambo hili lilivyoonekana kwa mtu aliyekuwa akipanda basi na kula mkate wa tanuri kila siku. Mwezi niliofika, Septemba 2008, lori lililojaa baruti liliripuliwa kwenye lango la hoteli kubwa jijini na watu zaidi ya 50 wakafa. Nilidhani ni msiba wa mara moja. Baada ya miezi michache nikajifunza, kama wenzangu, kuchagua meza iliyo mbali na dirisha.

Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa Mpashtuni wa Waziristan Kusini, wilaya ya milimani mpakani na Afghanistan. Oktoba 2009 jeshi la nchi yake liliingia kijijini kwao kuwafukuza Taliban wa Kipakistani, wale waliojikusanya rasmi Desemba 2007 chini ya Baitullah Mehsud. Jamaa zake wakashuka milimani na kuishi Dera Ismail Khan, familia nne ndani ya ua mmoja. Kutoka kwake ndipo nilipofahamu kwamba wilaya zao zilikuwa zikitawaliwa kwa sheria ya kikoloni ya 1901, iliyoruhusu ukoo mzima kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, na kwamba sheria hiyo ilidumu hadi maeneo hayo yalipounganishwa na jimbo la Khyber Pakhtunkhwa mwaka 2018. Kwa hiyo Mzee anaposema mkulima hakuulizwa, ajue kwamba hata kisheria hakuwa na mahali pa kusemea.

Hofu ya ndege za Marekani zisizo na rubani niliiona kwake bila yeye kuitamka. Machi 2011 mkutano wa wazee uliokuwa ukisuluhisha mgogoro wa mgodi ulipigwa kombora huko Datta Khel, Waziristan Kaskazini, na watu takriban 40 wakauawa. Wiki ile babu yake alifariki kwa maradhi ya kawaida. Akaniambia kwamba mama yake amewaomba waombolezaji waje wawili wawili, waondoke, ndipo waje wengine. Sisi tunaojua tanga ni nini, tunaolala msibani kwa mamia, hebu tufikirie mama anayewagawa watu wa matanga ili wasionekane kutoka angani.

Siku moja alinipeleka Peshawar, soko la Karkhano, ambako bidhaa zilizotoka kwenye makontena ya majeshi ya kigeni zilikuwa zikiuzwa. Nilishika kiatu cha askari wa Kimarekani, ngozi yake ya rangi ya mchanga, soli haijakanyaga chochote. Muuzaji alikuwa Mwafghani aliyezaliwa kambini miaka ya themanini. Alinipa chai ya kijani yenye iliki, akakataa malipo yangu, na akanieleza kwamba hajawahi kuuona mji ambao baba yake anaulilia. Nilipoanza kusoma habari za kufukuzwa kwa Waafghani wasio na hati kuanzia Novemba 2023, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemkumbuka, kwa sababu kwa mtu kama yeye hiyo si safari ya kurudi popote.

Binti wa Kisauni

Mwalimu, na ninyi wakubwa, shikamooni. Mmeeleza silaha na wakimbizi, lakini kuna mzigo wa tatu, na huo umefika hadi barazani kwetu. Vita viliharibu mifereji ya kumwagilia na mashamba ya matunda ya Afghanistan. Mpopi hauhitaji maji mengi, na utomvu wake hauozi njiani kama zabibu, basi mkulima aliyebaki bila kitu aliupanda. Pakistan, ambayo kabla ya vita ilikuwa na watumiaji wa heroini wachache mno, ilikadiriwa kuwa nao zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya themanini. Magari yalipanda mpakani na silaha, na njia hizohizo zilishusha unga.

Kisha njia ikateremka baharini. Kutoka pwani ya Makran, kwenye mpaka wa Pakistan na Iran, majahazi hushuka na bahari yetu hadi Pemba, Unguja na Mombasa. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata heroini kilo 1,032 ndani ya jahazi moja karibu na pwani ya Kenya. Jahazi moja tu! Sisi tulijua tangu zamani kwamba mengine yanapita, kwa sababu tuliwaona mateja wakiongezeka mtaani, na mmoja wao alikuwa kaka yangu.

Kwa muda mrefu kila asubuhi nilimsindikiza kwenda kunywa methadoni, dawa ile ambayo Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011 na baadaye ikafika huku Kenya. Hupewa kikombe kidogo cha plastiki, hunywa mbele ya muuguzi, kisha huulizwa jambo ili aseme na muuguzi ahakikishe kwamba amemeza. Foleni ile ina wavuvi, makondakta, mafundi seremala. Nimesimama pale nikiwaza kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia Geneva, ambako Aprili 1988 mikataba ya kuwaondoa Wasovieti ilitiwa saini, wala kuulizwa iandikwe nini ndani yake.

Mzee wa Kilosa

Binti wa Kisauni, pole sana wewe na kaka yako. Na wewe Msafiri, marahaba. Nakubali kwamba kuhusu wakimbizi nilipita haraka mno. Kuhusu 2001, hata hivyo, kumbuka kwamba koo uliyoitaja iliweza pia kufungwa. Novemba 2011 ndege za NATO ziliwaua askari 24 wa Pakistan katika kituo cha Salala, na Pakistan ikaifunga njia hiyo hadi Julai 2012. Kwa raia waliouawa hapo awali haikufungwa kwa miezi kama hiyo. Hiari ilikuwapo, ninalouliza ni damu ya nani iliyokuwa ikiiamsha.

Mwalimu wa Korogwe

Nawashukuru nyote. Jumatatu nitaingia darasani na ramani kubwa inayoanzia Termez, mji wa Uzbekistan kwenye mpaka wa Afghanistan, hadi Karachi, na chini kabisa nitaiacha wazi pwani ya Makran, ili wanafunzi wenyewe waufuatishe mstari hadi kwetu. Ndugu uliyesoma Islamabad, naomba nikuulize neno moja, kwa maana najua nitaulizwa: jamaa wa mwenzako walirudi?

Aliyesoma Islamabad

Walirudi, Mwalimu, baada ya miaka zaidi ya sita. Paa halikuwapo, na miti ya matunda ilikuwa imekatwa kuni. Baba yake alikuwa na fedha za kujenga chumba kimoja tu, akajenga hujra, chumba cha wageni, kisha yeye na watoto wakalala humo majira yote ya baridi.