Netlink: kutuma orodha nzima au kipengele kimoja?

Muulizaji: Wakuu, ninabuni kiolesura cha Netlink (njia ya programu kuwasiliana na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi) katika Linux kwa kifaa chenye orodha ya anwani zinazoruhusiwa. Je, programu itume orodha nzima kila inapoibadilisha?

Jibu la 1: Hapana, ndugu; weka amri za kuongeza na kuondoa. Programu mbili zikisoma orodha kwa wakati mmoja, kisha kila moja ikaandika nakala yake, mabadiliko ya iliyotangulia kuandika hupotea bila hitilafu yoyote kuripotiwa. Tena urefu wa sifa (attribute, yaani sehemu ya ujumbe wa Netlink inayobeba data) huhifadhiwa kwa biti 16, hivyo orodha iliyofungwa ndani ya sifa moja haivuki baiti 65,535.

Jibu la 2: Naafiki, ila orodha fupi inayopaswa kubadilika kwa pamoja, kama kundi la njia za kupitishia pakiti, ibadilishwe yote kwa NLM_F_REPLACE, alama (flag) ya ujumbe inayoagiza kilichopo kibadilishwe na kipya.