Mjadala: Satguru (mwalimu wa kweli wa kiroho) lazima awe mtu anayepumua?

Mchokozi: Wakuu, Mundaka Upanishadi, andiko la kale la Kihindu, inamtaka mtafutaji aende kwa guru na kuni mkononi, na guru huyo awe mbobezi wa maandiko aliyezama katika Brahman, ule Ukweli Mkuu. Kitabu hakipokei kuni. Ndiyo maana Radha Soami wa Beas, kundi la kiroho la Punjab, India, wanashikilia satguru aliye hai. Unaacha nyama, samaki, mayai na pombe, anakupa naam (maneno matakatifu ya kutafakari), kisha unatafakari saa mbili na nusu kila siku. Ukikwama, unauliza. Kalasinga (Masingasinga) wao wanapepea kitabu tu.

Reli ya Makindu: "Wanapepea kitabu"? Chunga mdomo, mkuu. Usinga ule ni heshima ya mfalme. Guru Gobind Singh, guru wa kumi wa Kalasinga, aliiachia Guru Granth Sahib, kitabu hicho kitakatifu, kiti chake kule Nanded mwaka 1708, na tangu hapo hakuna binadamu anayekikalia. Na majibu yapo: baada ya ardas (sala ya maombi) kinafunguliwa popote, unasoma shabad (utenzi) ya juu, ukurasa wa kushoto. Ikiwa imeanzia ukurasa wa nyuma, unafunua uisome tangu mwanzo wake. Hiyo ndiyo hukam, amri ya Guru. Kurasa 1430, huchagui.

Bi Tashwishi: Huchagui kweli? Mgongo wa kitabu ukishazoea, hufunguka palepale kila siku.

Reli ya Makindu: Hilo ni kosa la msomaji mvivu, si la Guru.

Kilemba Cheupe: "Hakuna binadamu"? Waambie Wanamdhari, lile dhehebu la Bhaini Sahib, Punjab! Satguru wao Ram Singh alipelekwa uhamishoni Rangoon na Waingereza 1872, na mlolongo wao unaendelea hadi leo. Nao ni Masingasinga, upende usipende.

Mchokozi: Asante. Na Ramana Maharshi, yule mtawa wa Kihindu, je? Guru wake alikuwa mlima Arunachala. Sasa...

Reli ya Makindu: Wanamdhari tuwaache kwanza. Anandpur, 1699: Guru Gobind Singh mwenyewe aliwaomba wale wafuasi watano wa kwanza aliowaingiza Khalsa, jumuiya ya waliobatizwa, wampe amrit, maji matamu ya kubatizia. Guru akawa mwanafunzi! Mpaka leo watano wanatosha. Bakuli la chuma, maji, patase (vipande vya sukari), upanga wa makali mawili wa kukorogea, sala tano zikisomwa. Unakunywa viganja vitano, unanyunyiziwa machoni mara tano, nyweleni mara tano. Ukinyoa baadaye, unarudi mbele ya watano, unapewa adhabu, unakunywa upya. Huyo wa Beas anakufuatilia hivyo?

Bi Tashwishi: Patase hizo alizitia Mata Sahib Devan, mke wa Guru Gobind Singh, sivyo?

Kilemba Cheupe: Ni Mata Jito, mke wake mwingine, dada yangu. Sahib Devan alikuwa hajaolewa bado.

Reli ya Makindu: Mbona anaitwa mama wa Khalsa basi?

Mchokozi: Jamani, swali lilikuwa satguru aliye hai.

Kilemba Cheupe: Subiri, mkuu. Huo umama wa Khalsa ni cheo alichopewa baadaye, na sukari haimo. Nani kakwambia ni yeye?