Waipa za lori kwenye theluji na barafu: za fremu, za bapa au za umeme?

Njia_Ndefu:
Wakuu, heshima yenu. Nataka kununua waipa mpya za lori kabla baridi haijakaza, na lazima niagize wiki hii. Nilizonazo ni za fremu za kawaida. Theluji ikianza kushuka hazichukui muda, zinajaa barafu na kuacha mstari mpana wa maji machafu katikati ya kioo, usawa wa macho yangu kabisa. Usiku taa za gari linalokuja zikipiga kwenye ule mstari sioni kitu. Napaki pembeni, nashuka, nazigonga, naondoka, na baada ya muda ni yale yale.

Nimeona aina tatu: za fremu iliyovishwa raba, za bapa zisizo na fremu kabisa, na zenye waya wa kupasha moto. Hizi za mwisho bei yake imesimama. Aliyewahi kutumia anisaidie, nichukue zipi?

Fundi_Rilei:
Mkuu, umetunyima mambo ya msingi. Lori ni la volti 12 au 24? Kioo cha mbele ni bapa au kimepinda? Ncha ya mkono wa waipa ni ya ndoano au ya pini? Na baridi ya huko unakopita inafika digrii ngapi? Theluji iliyolowa ya kwenye sifuri na theluji kavu ya hasi 20 hazipigwi kwa dawa moja. Bila hayo, kila mtu hapa atakushauri kwa lori lake.

Mzee_wa_Trela:
Chukua za fremu iliyovishwa raba, mjadala ufungwe. Waipa ya kawaida ina viungo vidogo vidogo vinavyogawa uzito wa mkono kwenye raba yote. Maji yakiingia kwenye vile viungo yakaganda, waipa inakuwa fimbo, haijikunji tena kufuata kioo. Ndiyo huo mstari unaouona. Ukiivisha raba nzima, maji hayapati pa kuingilia. Nimezitumia tangu enzi za malori ambayo waipa zake ziliendeshwa kwa upepo wa breki na sijaona sababu ya kuhama.

Dada_Usukani:
Shikamoo mzee, lakini hapo sikubaliani na wewe. Ile ngozi ya raba ikichanika hata tundu dogo tu, maji yanaingia na hayatoki. Yanagandia ndani, na huwezi hata kuyagonga. Halafu ni nzito na nene, kwenye mwendo upepo unaziinua. Mimi natumia za bapa zenye raba ya silikoni. Hakuna viungo, hakuna daraja la kukusanyia theluji, ndani ni ukanda wa chuma cha springi tu. Raba ya kawaida baridi ikiwa kali inakakamaa na kuanza kuruka ruka kwenye kioo, silikoni inabaki laini.

Mzee_wa_Trela:
Marahaba binti yangu. Hizo bapa zinategemea kioo. Zimetengenezwa zikiwa zimepinda. Ukiziweka kwenye kioo kilichonyooka, ncha mbili zinagusa kwanza, na mkono wenye springi iliyochoka hauna nguvu ya kuibana katikati. Utakuta pembeni kumepanguswa vizuri na mbele ya macho yako kumebaki ukungu. Nimeziona kwa vijana wengi.

Dada_Usukani:
Springi iliyochoka inabadilishwa, mzee. Hilo si kosa la waipa. Mkono ukiwa legevu hata hizo zako zilizovishwa hazifuti.

Njia_Ndefu:
Asanteni. Lori ni la pua ndefu, kioo ni vipande viwili vilivyonyooka vyenye nguzo katikati. Mikono ni ya ndoano. Baridi mara nyingi ni kati ya sifuri na hasi 15, usiku huwa inazidi. Theluji nyingi ninayokutana nayo ni ile iliyolowa, iliyochanganyika na maji ya chumvi yanayorushwa na magari ya mbele.

Fundi_Rilei:
Volti bado hujasema, na kwa waipa za umeme ndilo swali la kwanza. Waya wa kupasha moto wa volti 12 ukiufunga kwenye lori la volti 24 unapata umeme mara mbili na joto mara 4. Hautadumu, na raba itaungua kabla yake.

Hata ukipatia volti, angalia mambo mawili. La kwanza, waya unapita kwenye bawaba ya mkono na unakunjwa kila waipa inapotembea. Hapo ndipo unapokatika, kwa hiyo acha kitanzi cha kutosha, usiuvute ukaze. La pili, uchukue umeme kupitia fyuzi yake na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayofunguliwa na ufunguo. Ukiunga moja kwa moja kwenye betri, kuna siku utasahau kuzima na asubuhi lori haliwaki. Zikifungwa vizuri ni nzuri sana kwa theluji iliyolowa kama yako. Kwa theluji kavu sioni haja.

Usiku_Kucha:
Wote mnazungumzia raba, hakuna aliyegusa mota na mikono. Ngoja niwaeleze yaliyonikuta.

Nilipokea lori kutoka kwa dereva wa zamu iliyotangulia, limelala nje kwenye mvua iliyogeuka barafu. Mwenzangu alizima gari kwa ufunguo waipa zikiwa zinatembea, akashuka, akaenda zake. Kwa hiyo waipa zilisimama katikati ya kioo na swichi ikabaki kwenye kasi. Swichi yenyewe ni ya kuzungusha, iko kwenye ncha ya kijiti cha usukani, gizani huwezi kujua imeelekea wapi. Ile kuzungusha ufunguo tu nasikia mota inaunguruma chini ya dashibodi, kisha mlio mkavu, krrr. Waipa ya upande wa pili ikabanduka na kuanza kutembea na bamba zima la barafu. Ya upande wangu ikatikisika kidogo, ikatulia.

Nikapanda kwenye bampa, nikabandua kifuniko cha nati pale mkono unapokaa kwenye shina lake. Ndani kumejaa unga wa aluminiamu, wa kijivu, unang'aa kwenye tochi. Kichwa cha mkono ni aluminiamu, shina ni chuma, na meno yanayovishikanisha ni madogo mno. Barafu ilishika raba, mota ikalazimisha, kilicho laini kikasagika. Shina lilikuwa linazunguka peke yake ndani ya tundu lisilo na jino hata moja. Nilikaza nati mpaka mwisho wake, ikashika kidogo, theluji nzito ilipoanza mkono ukateleza tena. Nikapaki. Kusubiri mkono mpya kulikula siku, mzigo ukachelewa, na ofisi ikataka kunikata mimi mshahara kwa kosa la mtu mwingine. Tulivutana sana.

Kwa hiyo mkuu, waipa ya aina yoyote ile, zima waipa kwanza, ziache zirudi chini zilale, ndipo uzime gari. Na asubuhi usiguse ufunguo kabla hujashika swichi ukajua iko kwenye sifuri. Wenye zile za kuhisi mvua zenyewe ndio muwe makini zaidi, maana zinaweza kuondoka bila kuambiwa. Zikiwa zimegandia kioo, acha hita izilegeze. Mota si ya kubandulia barafu.

Dada_Usukani:
Pole sana kaka. Ndiyo maana mimi nikilala nje nazinyanyua, zinasimama mbali na kioo mpaka asubuhi.

Mzee_wa_Trela:
Kunyanyua ni hatari. Upepo ukivuma kwa nguvu, mkono unarudi na kukipiga kioo, na kwenye baridi kioo chenye kovu la jiwe hakihitaji pigo kubwa kupasuka. Waipa ziache chini.

Usiku_Kucha:
Na malori mengine hazinyanyuki kabisa, mikono imejificha chini ya ukingo wa boneti.

Dada_Usukani:
Usiku wa upepo sizinyanyui, mzee, sijasema kila usiku. Upepo ukiwepo naingiza kipande cha plastiki ngumu kati ya raba na kioo. Asubuhi nakivuta, raba inabaki kavu. Msiweke karatasi au boksi. Vikilowa vinagandia kioo na utakuwa na kazi mbili.

Theluji_Kavu:
Mimi nauliza, joto la kioo mnaliwekaje? Maana naona watu wanabadilisha waipa kila msimu na tatizo liko kwenye hita. Kama ni hasi 15 au zaidi na theluji ni kavu, ukipuliza joto kali kwenye kioo unaiyeyusha theluji ambayo ingegonga na kuondoka na upepo. Yale maji yanasukumwa pembeni, yanafika kwenye waipa na mikono ambako hakuna joto, yanaganda. Mimi kwenye theluji kavu nakiacha kioo kiwe cha baridi, hita naelekeza miguuni, waipa nazima kabisa. Theluji inateleza juu ya kioo bila kushika.

Mzee_wa_Trela:
Na pumzi yako itakwenda wapi? Kioo cha baridi kinashika ukungu kwa ndani, halafu unaganda. Hapo unakwangua kioo ndani ya kabini huku unaendesha.

Theluji_Kavu:
Usizungushe hewa ya ndani, vuta ya nje. Hewa ya baridi kali huwa kavu. Fungua dirisha kidogo, pangusa theluji kwenye viatu kabla ya kupanda ili isiyeyukie kwenye zulia, ukungu hautakusumbua. Ila ukikaribia sifuri geuza mpango: joto lote kwenye kioo na lianze mapema, kabla hujaingia kwenye theluji yenyewe. Kioo kikishapoa, kukipasha upya kunachukua muda mrefu.

Fundi_Rilei:
Hapo namuunga mkono. Na kwa mkuu mwenye uzi, kwa kuwa theluji yako ni iliyolowa, wewe uko kwenye kundi la joto lote. Angalia pia kama mkondo wa hewa chini ya kioo haujazibwa na makaratasi ya dashibodi. Nimefungua madashi ya watu nikakuta risiti zimejaa kwenye matundu.

Kioo_Safi:
Mnajisumbua na gharama. Changanyeni siki na maji, nyunyizeni kioo usiku, asubuhi hakuna barafu.

Fundi_Rilei:
Ndugu yangu, siki ya jikoni asidi yake ni asilimia 5 hivi, iliyobaki ni maji. Inaganda karibu pale pale yanapogandia maji, na wewe umeizimua tena. Haiwezi kuyeyusha barafu ya hasi 10. Kinachoyeyusha ni alkoholi. Chukua ile ya isopropili ya asilimia 70, sehemu mbili kwa sehemu moja ya maji, weka kwenye chupa ya kunyunyizia. Raba zenyewe zipanguse kwa kitambaa chenye hiyo hiyo kabla ya safari, utaona weusi unaotoka.

Na maji ya kuoshea kioo nunua ya baridi, yaliyoandikwa digrii za chini kuliko unazokutana nazo, usiyazimue. Mengi yana methanoli, na methanoli inakauka haraka kuliko maji. Ukipuliza kwenye kioo cha baridi ukiwa kwenye mwendo, alkoholi inaruka, maji yanabaki, yanaganda mbele yako kufumba na kufumbua. Pasha kioo kwanza ndipo upulize. Halafu ni sumu mbaya, ikinywewa kidogo tu inapofusha macho. Isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.

Kioo_Safi:
Mimi siki inanisaidia, kila mtu na uzoefu wake.

Usiku_Kucha:
Msimwagie tu kioo maji ya moto, hilo ndilo la kuomba.

Msomaji_wa_Zamani:
Samahani kuingilia, ila tatizo hili la theluji ndilo lililozaa waipa zenyewe. Mwanamke wa Kimarekani, Mary Anderson, alikuwa New York wakati wa baridi, akaona dereva wa tramu akihangaika na kioo kilichojaa theluji. Mwaka 1903 akapata hataza ya mkono wa raba unaoendeshwa kwa wenzo kutoka ndani. Mkono, springi na raba, ndicho tunachobishania hapa mpaka leo.

Dada_Usukani:
Kumbe ni mwanamke! Nimefurahi kulijua hili, nitawaambia wenzangu kazini.

Mzee_wa_Trela:
Na yake haikuwa bapa.

Njia_Ndefu:
Nashukuru sana wote. Nimeangalia betri, lori ni la volti 12. Nimejaribu pia kuivuta mikono na kuiachia kama alivyogusia mzee: wa upande wangu unarudi kinyonge kuliko wa upande wa pili, kwa hiyo springi nabadilisha kwanza. Baada ya hapo bado nasita kati ya za kuvishwa na za umeme. Fundi, naweza kuweka ya umeme upande wangu tu, wa pili nikaacha ya kuvishwa?

Swali lingine kabla sijasahau. Nilifunga taa za LED, na kwenye theluji ile ile zinazibwa kabisa. Za zamani hazikuwa na shida hii. Nazo zina dawa?

Fundi_Rilei:
Upande mmoja inawezekana, rilei moja na fyuzi yake, hakuna tatizo. Ila pima urefu, usije ukaagiza ndefu ikagonga nguzo ya katikati.

Taa: balbu za halojeni zinatupa joto jingi mbele, lenzi inapata moto, theluji inayeyuka yenyewe. LED joto lake linatoka nyuma kwenye mapezi ya kupoza, lenzi inabaki baridi. Kuna zinazouzwa zikiwa na waya wa kupasha moto kwenye lenzi. Zako ni za duara au za mraba?

Mzee_wa_Trela:
Rudisha halojeni.

Theluji_Kavu:
Mimi nimebaki na LED. Kila ninaposimama napangusa taa za mbele, za nyuma na za trela kwa brashi ya mpini mrefu. Za nyuma ndizo watu wanazisahau, na ndizo zinazoonwa na anayekufuata kwenye vumbi la theluji.

Dada_Usukani:
Hiyo ya lenzi ya kupasha moto nami naihitaji, zangu ni za duara. Fundi, inakula umeme kiasi gani? Nikiwa nimelala na hita ya kabini inatembea, betri zitastahimili?