Kesi ya kifo cha kaka imehamishiwa mahakama ya federali, ni kawaida?

MdogoWake
Wadau habari. Kaka yangu alifariki mwezi wa tatu hapa Texas, barabara kuu ya I-35 karibu na Waco, magari yamesimama kwenye foleni trela ikamjia kwa nyuma bila hata kushika breki. Shemeji akatafuta wakili, kesi ikafunguliwa mahakama ya jimbo, kampuni yenye trela ni ya Oklahoma. Juzi zimekuja karatasi eti kampuni imeipeleka kesi mahakama ya federali, yaani ya serikali kuu ya Marekani, hakuna aliyetuuliza, tumeona tu mhuri mwingine. Mama yuko Kisumu, kila jioni anapiga anauliza kesi ya mtoto wangu imefika wapi na mimi sina la kumjibu. Wana mpango gani hawa? Na mimi naweza kuingia kwenye kesi, maana ndio nilikuwa naishi naye?

Karani_wa_Mawakili
Pole sana ndugu yangu. Mimi si wakili ila nafanya kazi ofisi ya mawakili. Hilo wanaruhusiwa, kama mlalamikaji na mshtakiwa ni wa majimbo tofauti na madai yanazidi dola 75,000 basi wana siku 30 tangu wakabidhiwe kesi kuihamisha. Sababu yao kubwa ni baraza la wazee wa mahakama (jury, raia wa kawaida wanaoamua kesi), kwenye mahakama za wilaya za Texas wakikubaliana 10 kati ya 12 inatosha, federali inabidi wakubaliane wote, mmoja akigoma hakuna hukumu. Sasa muulizeni wakili swali moja, dereva wa trela anaishi wapi? Kama naye ameshtakiwa na ni mkazi wa Texas kama shemeji yako, kesi haina haki ya kuwa kule na itarudishwa. Sheria ya kudai fidia inabaki ile ile ya Texas popote itakaposikilizwa.

Wewe pole, sheria ya Texas inataja mke au mume, watoto na wazazi tu, ndugu hayumo. Lakini mama yumo! Hata akiwa Kisumu. Kusanyeni kumbukumbu za pesa kaka yako alizokuwa anamtumia, mwezi kwa mwezi.

TrelaUsiku
Naendesha trela miaka mingi, nikisoma hakushika breki naumia kwa sababu hapo mara nyingi ni usingizi au simu. Kwa sheria tunaendesha saa 11 tu ndani ya zamu ya saa 14, na kabla ya hapo umepumzika saa 10 mfululizo, kifaa kimefungwa kwenye gari kinaandika kila kitu. Kampuni inalazimika kutunza hizo rekodi miezi 6 tu!! baada ya hapo wakizifuta utawafanya nini. Mwezi wa tatu hadi leo hesabu mwenyewe. Wakili awe amewaandikia barua rasmi wasiguse rekodi, simu ya dereva, na kompyuta ya injini, ile inaonyesha spidi na breki sekunde za mwisho, trela ikitengenezwa ikarudi barabarani inaweza kufutika.

Mama_Watoto3
Pole kwako na kwa shemeji yako. Mume wangu alikufa hivyo hivyo. Mtu wa bima alinipigia wiki ile ile ya mazishi, sauti ya upole kabisa, anaomba tu nieleze kidogo akiwa anarekodi, nguo za mume wangu bado zipo kwenye mfuko wa hospitali sijaufungua. Nikaongea. Mwaka mzima baadaye maneno yangu yakasomwa mbele yangu nikiwa nimeapa. Mwambie shemeji yako asipokee, awape namba ya wakili akate simu. Na asiende kwenye mahojiano ya kiapo peke yake, wewe hata kama humo kwenye kesi kaa nje ya mlango umsubiri.

MdogoWake
Asanteni sana, nimesoma zote na shemeji tukiwa mezani. Wakili amejibu leo, dereva ni mkazi wa Oklahoma kwa hiyo kesi inabaki federali. Barua ya kutunza rekodi ilienda mwezi wa nne, ametuonyesha nakala. Jina la mama linaongezwa. Kisumu sasa hivi ni alfajiri, nasubiri aamke nimpigie mimi leo.