Exocet na Sheffield 1982: kombora kiboko au uzembe wa Mwingereza?

Kipanga_Mweusi: Wakuu, tumalize ubishi wa jana. Tarehe 4 Mei 1982, vita vya Argentina na Uingereza kugombea visiwa vya Falkland, ndege mbili za Super Étendard za jeshi la majini la Argentina zilirusha Exocet mbili, makombora ya kupiga meli; ndege na kombora vyote ni vya Mfaransa. Moja ikapotea, nyingine ikaipiga manowari ya Kiingereza HMS Sheffield ubavuni. Watu 20 wakafa, na manowari yenyewe ikazama tarehe 10 ikiwa inakokotwa. Nasema hivi: siku ile ubabe wa manowari uliisha. Rubani anaruka chini nusura aguse mawimbi, anapanda kidogo kuwasha rada, anaachia, anageuza. Meli hata hajaiona kwa macho. Nani anabisha?

Mla_Ndondo: Mimi hapa. Ripoti ya Waingereza wenyewe, ile iliyowekwa wazi 2017, inasema afisa wa kuzuia mashambulizi ya anga alikuwa ameenda kunywa kahawa na msaidizi wake yuko msalani. Manowari mwenzake, HMS Glasgow, ilishapiga kelele kwamba ndege hizo zinakuja. Sheffield haikurusha hata vile vipande vya kuhadaa rada. Kahawa vitani! Hao hata banda la kuku siwapi walinde.

ZamuYaUsiku: Wewe wa kuku, umewahi kukaa zamu hata siku moja? Mimi kazi yangu melini. Ukishatazama skrini saa tatu mfululizo unaanza kuona visivyokuwepo. Siku ile tahadhari za uongo zilikuwa zimeshapigwa kadhaa, watu wamezizoea. Na chombo cha kunasa rada ya adui kilikuwa kimezibwa kwa sababu meli ilikuwa inawasiliana kwa satelaiti. Hilo hukulisoma, umesoma kahawa tu.

Mla_Ndondo: Nimelisoma. Satelaiti haikumpeleka mtu msalani. Na kama zamu zinakuchosha, bandarini kuna kazi ya kuhesabu makontena.

ZamuYaUsiku: Unaijua sana hiyo kazi. Ndiko ulikoishia?

Bi_Mkubwa_Tanga: Jamani na kahawa yenu! Mada ni kombora. Mimi nakumbuka Argentina ilizamisha meli kama sita kwa hizo Exocet, au?

Fundi_Rada: Sita wapi, dada yangu. Za kurushwa na ndege walikuwa nazo tano tu. Mbili 4 Mei, mbili 25 Mei zilizoimaliza Atlantic Conveyor, ya mwisho 30 Mei ikatoka kapa. Manowari za Kiingereza Ardent, Antelope na Coventry zilizamishwa na mabomu ya kawaida, ya kudondosha. Tena mabomu yao mengi yaligoma kulipuka, kwa sababu marubani waliruka chini mno na fyuzi, kile kifaa cha kulipua bomu, haikupata muda wa kujiweka tayari. Kwa hiyo Kipanga, huo ubabe uliokwisha ni makombora matano, meli mbili.

Kipanga_Mweusi: Umeniunga mkono bila kujua. Atlantic Conveyor ilikuwa na helikopta. Chinook tatu ziliteketea mle, moja ikapona kwa vile ilikuwa hewani. Askari wa Kiingereza wakavuka kisiwa kwa miguu, mizigo mgongoni, kwenye tope na baridi. Meli ya mizigo ile, si manowari!

Mla_Ndondo: Si manowari, halafu ndiyo ushahidi wako kwamba manowari zimekwisha. Sawa.

Mjukuu_wa_Muscat: Mbona hamumsemi Mfaransa? Argentina waliagiza ndege 14, zikafika 5. Vita vilipoanza Paris ikafunga mlango. Mtu ameuza bunduki, risasi anakunyima.

Bi_Mkubwa_Tanga: Ulitaka ammalize Mwingereza, mwenzake wa NATO? Usaliti gani huo.

Mjukuu_wa_Muscat: Basi asingeuza tangu mwanzo. Pesa za watu alipokea, NATO hakuikumbuka.

Kipanga_Mweusi: Nimesahau: iliyowaelekeza marubani ni ndege ya doria, Neptune, kizee kile.

Chipukizi99: Neptune si ndiyo ya Ukraine iliyozamisha Moskva, manowari ya Urusi?

Fundi_Rada: Hilo ni kombora, mdogo wangu, tukio la 2022, na lilirushwa kutoka nchi kavu. Kama HMS Glamorgan, manowari nyingine ya Kiingereza, nayo ilipigwa 12 Juni 1982 na Exocet iliyofungwa kwenye trela.

Kipanga_Mweusi: Mla_Ndondo nijibu hili. Mei 1987, Ghuba ya Uajemi, ndege ya Iraq imerusha Exocet mbili, zote zimeipiga manowari ya Marekani USS Stark, wanamaji 37 wamekufa. Mzinga wake wa kutungulia makombora haukufyatua hata risasi moja. Nao walikuwa wanakunywa kahawa?

Mla_Ndondo: Mzinga upo, haukufyatuliwa. Kama huo si uzembe, basi niambie ni nini.

ZamuYaUsiku: Iraq wakati ule haikuwa adui wa Marekani, bwana. Utafyatulia kila ndege inayopita? Ndiyo maana nasema hujawahi kukaa zamu.

Mla_Ndondo: Mwaka wa ngapi sasa huo wa zamu? Weka picha ya hiyo meli yako tuione.