Kutoka vitambaa hadi benki: familia ya Chaudhary ya Nepal ilipandaje, na familia ya Dodoma ianzie wapi?

Mtera_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Chaudhary Group ya Nepal ina tambi za Wai Wai, benki na hoteli, na bado ni mali ya familia moja. Waliziongeza biashara kwa mpangilio gani? Halafu chukulieni familia ya hapa Dodoma: duka la jumla mtaani Majengo, duka la vifaa vya ujenzi, mashine ya kusaga na kukoboa Kizota. Ndugu watatu, leseni zote kwa jina la kaka mkubwa, fedha zote droo moja. Wanataka kuongeza kiwanda cha kukamua alizeti. Waanze na kiwanda au karatasi?

Mlimwa_C:
Mkuu, anza na nchi yenyewe. Nepal haina bahari. Mizigo mingi ya meli inashukia Kolkata, India, ndipo ipandishwe hadi mpaka wa Birgunj. Soko ni dogo. Ukishawauzia nguo wenye uwezo wa Kathmandu, kilichobaki ni kumuuzia mteja yuleyule kitu kingine. Ndiyo maana makundi ya biashara ya kule yanagusa kila kitu.

Bhuramal Das Chaudhary alitoka Rajasthan akauza vitambaa. Mwanawe Lunkaran Das akafungua Arun Emporium mwaka 1968. Alipougua moyo, mtoto wake Binod, aliyezaliwa 1955, akashika biashara kabla hajafika miaka 20, na safari ya kwenda kusomea uhasibu India ikafia hapo. Ukaja uwakala wa vifaa vya National Panasonic, kisha Wai Wai mwaka 1984. Katikati ya miaka ya 1990 wakachukua udhibiti wa Nabil Bank. Mwaka 2013 Binod akawa Mnepali wa kwanza kwenye orodha ya mabilionea ya Forbes.

Wai Wai ndiyo ya kuitazama kwa makini. Hawakubuni tambi, walichukua ujuzi na jina kwa kampuni ya Thailand. Unga wa ngano unakandwa na maji kama theluthi ya uzito wake, unasukumwa hadi unene wa kama milimita moja, unakatwa, unapita kwenye mvuke dakika moja hadi tatu, halafu unakaangwa kwa nyuzi 140 hadi 160 kwa dakika moja au mbili. Unyevu ukishuka hivyo, pakiti inakaa miezi bila friji na inabebeka mgongoni hadi kijiji kisicho na barabara. Tena Wai Wai inatoka kiwandani imeshaiva na kukolezwa. Mtoto anaivunja na kuila kavu. Penye shida ya kuni, hiyo si faida ndogo. Kinachoiharibu ni mafuta: yakichoka kikaangoni, au pakiti ikipitisha hewa, tambi zinanuka kabla tarehe haijafika.

Na nje ya nchi je? Nepal iliweka sheria mwaka 1964 ya kuzuia raia kuwekeza ng'ambo, kwa hiyo mkono wa nje wa kundi ulijengewa Singapore. Kwetu mfano wa karibu wa familia iliyopanda hivi ni MeTL ya akina Dewji, iliyoanza kama biashara ya jumla Singida.

Mashudu_na_Mafuta:
Kuhusu alizeti, wengi wanapiga hesabu ya mashine na kusahau mbegu. Chukua mashine ya tani 5 kwa siku, siku 240 kwa mwaka. Hizo ni tani 1,200. Kwa bei ya mfano ya sh 800 kwa kilo, unahitaji sh milioni 960 za mbegu, na msimu wa kununua ni mfupi: mavuno ya Dodoma na Singida yanatoka kuanzia Mei, na baada ya miezi michache bei imepanda au mzigo umeshaenda kwa wengine. Ukiwa na fedha ya mwezi mmoja tu, kiwanda kitalala kuanzia Oktoba na mkopo utaendelea kudai riba.

Mashine ya kawaida ya kukamua hutoa kilo 22 hadi 28 za mafuta kwa kilo 100 za mbegu, kutegemea aina ya mbegu na ukali wa mashine. Kinachobaki kwa wingi ni mashudu, kwa hiyo tafuta wafugaji wa kuyanunua kabla hujafunga mashine. Mbegu zenye unyevu zaidi ya asilimia 9 au 10 usizipange ghalani. Zitapata joto, zitavunda, na mafuta yake yatakuwa na asidi.

Ila jambo la Wai Wai, kuanza na bidhaa ya mtu mwingine, linawafaa hapa: duka la Majengo tayari lina wateja wa jumla. Wauze kwanza mafuta ya mtu mwingine msimu mzima, wajue madumu mangapi yanatoka kwa wiki.

Daftari_Mbili:
Karatasi kwanza, na siyo kwa ajili ya urembo. Kaka mkubwa akifariki leo, akaunti zote za jina lake zinasimama hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na duka linabaki halina fedha ya kuagiza sukari.

Wasajili BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) kampuni mama yenye hisa za ndugu watatu, halafu chini yake kampuni tanzu: biashara, kiwanda, na ya tatu ya kumiliki viwanja na majengo. Wajaze pia taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaofaidika na kampuni, wengi huziruka. Kila kampuni iwe na TIN (namba ya mlipakodi) yake na akaunti yake, na inayouza iwe na mashine yake ya risiti ya EFD. Gawio kutoka tanzu kwenda kampuni mama yenye angalau asilimia 25 ya hisa linakatwa kodi ya 5%. Likienda moja kwa moja kwa ndugu linakatwa 10%.

Duka likikikopesha kiwanda, andikeni mkataba wenye riba na tarehe. Mkiacha, hakuna atakayejua kama kiwanda kinapata faida au kinakula duka. Na benki ikitaka kampuni zote zidhamini mkopo wa kiwanda, hakikisheni angalau kampuni ya viwanja na majengo haiingii.

Mtera_Juu:
Nimeelewa. Kaka mkubwa akigoma kugawa hisa?

Daftari_Mbili:
Ashike 51% na abaki mkurugenzi mtendaji. Kwenye katiba ya kampuni waandike kwamba anayetaka kuuza hisa anaanza na ndugu, kwa bei itakayokadiriwa na mkaguzi wa hesabu. Wasipoandika hilo, wa kwanza kugombana anaweza kumuuzia mtu wa nje.